Komeo la Ndani

Katika kanisa la misheni pale Ruiru, mwaka wa 1957, wanawake walikaa upande wa kushoto, na benchi la nyuma kabisa upande huo lilikuwa la Syokau peke yake. Hakuna aliyemwambia akae hapo. Siku ya kwanza alikaa katikati. Mama aliyekuwa karibu naye akasogea kidogo, wa upande wa pili naye akasogea, mpaka kukawa na nafasi ya watu wawili kila upande wake. Jumapili ya tatu akahamia nyuma mwenyewe, na tangu hapo wote wakawa wameridhika.

Alikuwa Mkamba, binti wa mzee Nzau wa upande wa Yatta, naye alikuwa anakaribia miaka arobaini. Kwa miaka kumi na mmoja aliishi Majengo, mjini Thika, akipokea wanaume chumbani kwake. Mwaka wa 1954 aliiacha kazi hiyo, akaja Ruiru kwa miguu na bunda la nguo kichwani, akaomba kibarua kwa misheni. Wakampa kufua na kupiga pasi. Kikuyu alikuwa anakijua vizuri, lakini akina mama wa Ruiru akiwaamkia kwa Kikuyu walimjibu kwa Kiswahili. Kiswahili ndicho walichozungumza na mtu wa kupita. Miaka mitatu sasa walikuwa wakimjibu hivyo.

Mwezi wa tatu mwaka huo Mzee Bedan Gichuru alimjia kwenye chumba cha kufulia. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni na karani wa halmashauri ya kanisa, mtu wa koti safi na maneno machache, ambaye hakuwahi kumtukana Syokau wala kumuuliza hali. Alisimama mlangoni akamweleza kwamba kanisa limepata kiwanja ng'ambo ya mashamba ya kahawa, karibu na mto, na kwamba watu wema wa ng'ambo ya bahari wamejitolea kujenga nyumba ya wanawake wanaotaka kuyaacha maisha ya Majengo. Watafundishwa kushona, kulima na Neno la Mungu. Mchora ramani angekuja kutoka Thika siku ya Alhamisi, na mtu huyo alitaka kuzungumza na mmoja anayewajua wanawake hao.

Aliposema "wanawake hao" alikuwa akiangalia pasi ya makaa, si uso wa Syokau.

Mchora ramani aliitwa Tobias Wamalwa. Alikuwa mtu wa Kimilili, mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi kwenye sikio moja. Alimfanyia kazi kontrakta mmoja wa Kihindi pale Thika, na alikaa peke yake katika nyumba za wafanyakazi, kwa sababu mke wake Jentrix alibaki nyumbani kuangalia shamba la mahindi. Walikutana kiwanjani. Alikuwa na kamba ya kupimia, vigingi na daftari. Syokau alishika ncha moja ya kamba, yeye akashika nyingine, wakapima kiwanja chote bila kuongea mambo mengi. Walipomaliza, Tobias alifungua daftari juu ya jiwe.

"Dada," akasema, "kama ni wewe unalala humu, dirisha ungetaka liwe wapi?"

Syokau aligeuka akakiangalia kiwanja chote, mpaka Tobias akadhani amemkosea. Watu walikuwa wamemuuliza mambo mengi maishani, jina, kabila, bei, kama ana ugonjwa, kama ametubu. Habari ya dirisha hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Lisiangalie barabara," akasema mwishowe. "Mimi niliangalia barabara miaka kumi na mmoja. Liangalie mto."

Tobias akaandika. Kisha akauliza jiko liwe wapi, na safari hii Syokau hakuchelewa. Alivua viatu, akaanza kutembea juu ya udongo akionyesha kwa mkono. Jiko liwe hapa, kubwa, lenye nafasi ya kukaa, kwa maana mtu aliyezoea kula peke yake kitandani anahitaji pahali pa kula na wenzake bila kulazimishwa kuongea. Vyumba viwe vidogo, kila mwanamke na chake, kitanda kimoja, wala kisiwe kipana. Mlango mkubwa usifiche watu. Njia ipite wazi hadi sokoni, kwa sababu aliyefichwa atajiona mchafu kila akitoka. Na kila chumba kiwe na komeo ndani.

"Ndani tu?" Tobias akauliza.

"Ndani tu. Nje kusiwe na kitu."

Alirudi kwenye kufua jioni hiyo akiwa amechoka kama mtu aliyelima ekari nzima. Hakuwa na mtu wa kumsimulia.

Kwa wiki sita alipanda basi kila Jumamosi kwenda Thika, kwenye ofisi ya yule kontrakta, ambako Tobias alikuwa na meza ndefu chini ya dirisha. Mlango waliuacha wazi ili watu waone. Tobias alichora, yeye akaketi kwenye kasha la misumari akiangalia mistari, na mara mojamoja akisema ukuta huu uko karibu mno, au hapa mtu atasikia anayelia upande wa pili. Tobias hakumuuliza mambo ya zamani. Siku moja alimsomea kipande cha barua ya Jentrix kuhusu ng'ombe aliyezaa, akacheka peke yake, kisha akaikunja na kurudi kwenye rula yake. Syokau aliifikiria barua ile njiani mpaka Ruiru. Hakukumbuka kama aliwahi kusomewa barua nyingine.

Jambo ambalo hakumwambia Tobias lilikuwa hili. Majengo, chumba kilichopakana na chake kilikuwa cha Gathoni, mwanamke wa Kikuyu waliyelingana umri. Walikopeshana chumvi, walisukana na kuuguzana kwa miaka minane. Wakati wa hali ya hatari serikali ilipoanza misako ya Wakikuyu, askari walikuja Majengo asubuhi moja kukipambazuka, wakavunja milango mtaa mzima. Gathoni alitoroka kwa nyuma akaja kugonga mlango wa Syokau. Aligonga mara tatu kwa kiganja, akaita jina lake kwa sauti ya chini. Kipande cha Syokau, cheti chake cha utambulisho, kilionyesha ni Mkamba, na askari siku ile hawakuwa na haja na Wakamba. Angefungua, labda Gathoni angejificha nyuma ya pazia akapona. Labda wangekamatwa wote wawili. Syokau alisimama nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo, na hakulivuta. Akasikia buti zikija, kisha akasikia Gathoni akiwaambia askari, bila kupiga kelele, kwamba yuko peke yake.

Walimpakia kwenye lori pamoja na wengine, akapelekwa kizuizini. Miezi miwili baadaye Syokau aliondoka Thika. Watu wa misheni waliamini kwamba aliacha dhambi baada ya kusikia mahubiri, naye hakuwasahihisha.

Ramani ilipokamilika, Mzee Bedan aliita kikao. Walikuwa wazee wanne wa kanisa, bibi mmoja Mwingereza wa misheni, Tobias, na Syokau aliyepewa kiti karibu na mlango. Tobias alitandaza karatasi, akaeleza chumba kwa chumba. Wazee walisifu jiko. Bibi wa misheni alisema vyumba ni vingi, bweni moja lingetumia mawe machache. Mzee Bedan alikuwa ameinamia ramani, kidole chake kikiwa juu ya mlango mmoja.

Alitaka kujua haya makomeo ya ndani ni ya nini. Mwanamke aliyetoka katika maisha yale, akasema, ni kama mgonjwa. Mgonjwa hafungi mlango daktari akabaki nje. Yeye aliona bweni moja, mlango mmoja, na kufuli itakayofungwa nje na msimamizi kila jioni, kwa usalama wao wenyewe.

Hakuna aliyemgeukia Syokau, lakini Tobias alisema kwamba aliyetoa shauri la makomeo yuko hapa, na ingefaa asikilizwe. Syokau akasimama.

"Mzee," akasema, "mlango wangu ulifunguliwa na kila mtu miaka kumi na mmoja. Mlevi aliufungua, askari aliufungua, mwenye nyumba aliufungua. Kama mnataka mwanamke aamini kwamba maisha yale yamekwisha, mpeni mlango ambao anaufunga mwenyewe na kuufungua mwenyewe. Hayo mengine ya kushona atajifunza polepole."

Mzee Bedan alimsikiliza mpaka mwisho. Akamshukuru, na kwa mara ya kwanza akamwita dada. Kisha halmashauri ikapiga kura ya bweni moja na kufuli ya nje.

Nyumba ilijengwa kwa mawe ya kuchonga na mabati mapya, ikafunguliwa mwezi wa pili mwaka wa 1958 kwa nyimbo na chai. Madirisha yaliangalia mto, hilo walikubali. Wanawake watano walikuja kutoka Majengo. Syokau alikuwa amewaendea mwenyewe, mlango kwa mlango, akivumilia kucheka kwao. Msimamizi alikuwa mjane mmoja wa kanisa, mwenye ufunguo shingoni. Kabla mwezi haujaisha, wawili walikuwa wamerudi Thika. Wa tatu, Mbula, msichana wa Kitui, alitoka kupitia dirishani mchana kweupe wakati wengine wakiwa shambani na msimamizi ameketi mlangoni, akaacha sare yake imekunjwa vizuri juu ya kitanda. Syokau alipata habari hiyo akiwa anafua mashuka yao. Aliyafua, akayaanika.

Mwezi wa tano Gathoni aliachiliwa. Habari ilimfikia Syokau kwa mtu wa sokoni, kwamba kuna mwanamke pale stesheni ya Ruiru anayemuulizia, ameelekezwa huku na watu wa Majengo. Alikimbia na aproni yake. Alimkuta ameketi juu ya gunia, nywele zimenyolewa, amekonda mpaka mifupa ya mashavu imejitokeza, mkononi ana karatasi ya kuachiliwa. Hawakukumbatiana. Gathoni alimwangalia, akasema amenenepa. Wakatembea pamoja kupita mashamba ya kahawa, Syokau akiongea bila kupumzika kuhusu nyumba, kuhusu jiko, kuhusu vitanda vitatu vilivyo wazi, kama mtu anayeogopa kimya kisiingie.

Nyumba ilikuwa tupu saa hiyo, wengine wako shambani. Gathoni alisimama mbele ya mlango. Aliangalia kufuli iliyoning'inia kwenye pete ya chuma upande wa nje, akaigusa, akaipindua kuona imetengenezwa wapi.

"Hii inafungwa saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi na mbili."

Gathoni akaiachilia. Alisema amelala nyuma ya mlango wa namna hiyo kwa miaka minne, na anaomba asilale hivyo tena. Aliyasema bila hasira, kama mtu anayekataa chakula kwa kuwa ameshiba. Wakaketi kwenye ngazi.

Syokau aliona kwamba kama hatasema sasa, hatasema tena. "Siku ile nilikuwa ndani," akasema. "Nilikusikia."

"Najua. Niliona kivuli cha miguu yako chini ya mlango."

"Ningefungua—"

"Ungefungua wangekuchukua na wewe. Au hawangekuchukua. Hilo nililifikiria miaka miwili ya kwanza, kila siku, tukivunja mawe. Baadaye nikaacha kulifikiria." Alipangusa vumbi kwenye magoti yake. "Sikuja kukudai, Syokau. Nilikuja kwa sababu sina mtu mwingine ninayemjua huku."

Gathoni hakuwa na nyumbani pa kwenda. Mama yake alikuwa amekufa, na kaka zake hawakumtaka tangu siku za Majengo. Kulikuwa na mwenzake wa kizuizini, Wangeci, aliyepata kazi ya kuanika mkonge kwenye shamba moja upande wa Ngoliba. Angemfuata. Syokau alimsihi alale kwake siku moja tu, kwenye kijumba chake nyuma ya chumba cha kufulia, naye akakubali, lakini asubuhi Syokau alipoamka, Gathoni alikuwa ameshavaa na ameketi nje akisubiri kuaga. Alipanda lori la mkonge pale barabarani. Hakupunga mkono. Alikuwa ameangalia mbele.

Wiki hiyo Syokau alikwenda Thika akamkuta Tobias mezani. Alimwambia yote, hata habari ya mlango wa Majengo, kwa sauti ya kawaida, huku makarani wengine wakipita. Tobias alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Kisha akauliza kama Jumapili watu wote huwa kanisani.

Jumapili hiyo Syokau hakukaa kwenye benchi lake. Tobias alikuja na mbao zilizobaki kwenye kazi nyingine, ambazo tajiri wake alimruhusu kuchukua, na seremala mmoja rafiki yake aitwaye Dismas. Wanawake wawili waliobaki waliambiwa wachague, wakachagua kutokwenda ibada. Mjane alikwenda. Kuanzia saa tatu mpaka saa nane walifanya kazi, Dismas akipiga msumari, Tobias akipima, Syokau na wale wawili wakishikilia mbao. Bweni likagawanyika vyumba sita. Vilikuwa vyembamba, kuta zake hazikufika juu, lakini kila kimoja kilikuwa na mlango, na kila mlango ulikuwa na komeo ndani. Mwisho Tobias aling'oa ile pete ya chuma nje, akaziba matundu kwa vipande vya mti.

Mzee Bedan alifika ibada ilipokwisha, nyuma yake mjane akiwa analalamika. Akaingia peke yake. Akatembea chumba hadi chumba. Kwenye cha mwisho aliingia, akafunga mlango, nao wakasikia komeo likisukumwa. Akakaa humo kwa muda. Hakuna aliyejua anafikiria nini, siku ile wala baadaye. Alipotoka aliuliza jambo moja tu, moto ukitokea usiku na milango imefungwa ndani, nani atajibu.

"Mimi," Syokau akasema. "Nitalala humu."

Basi mjane akarudisha ufunguo, akarudi kwake, na Syokau akawa msimamizi. Halmashauri haikupitisha neno lolote wala haikubatilisha. Tobias alikaripiwa kwa barua iliyopelekwa kwa tajiri wake. Mwisho wa mwaka mkataba wake ulikwisha, na tajiri hakumpa mwingine. Alipita Ruiru kuaga, akiwa na sanduku na ile rula yake ndefu imefungwa kwa gazeti. Walizungumza juu ya mvua. Alisema Jentrix amejenga jiko jipya na limejengwa vibaya, itabidi alibomoe. Syokau alimsindikiza mpaka stesheni, na treni ilipoondoka alikuta hajui pa kuweka mikono yake.

Wanawake walikuja. Mbula alirudi wa kwanza, akasimama mlangoni mpaka akaonyeshwa komeo. Wengine walikaa miezi mitatu, wengine mwaka. Mmoja aliolewa na mpishi wa shamba la kahawa, wawili walirudi Majengo, mmoja alikufa kwa kifua na akazikwa na wenzake kwa heshima. Walimwita Syokau mama, na mbele yake walipunguza vicheko. Akiingia jikoni, walibadilisha mazungumzo. Hakuwalaumu. Ndiye aliyeandika nani ametoka na nani amerudi.

Mwezi wa nane mwaka wa 1959 alikwenda Ngoliba. Alipanda lori asubuhi mapema, akashuka kwenye nchi ile kavu, vumbi jekundu, safu za mkonge mpaka macho yanachoka. Gathoni alikuwa kwenye uwanja wa kuanikia, akitandaza nyuzi nyeupe juu ya waya. Nywele zake zilikuwa zimeota. Syokau alichukua fungu akaanza kutandaza kando yake, na huku wakifanya kazi alimweleza jinsi nyumba ilivyo sasa, vyumba, milango, kwamba kufuli haipo, kwamba kuna chumba cha pembeni chenye upepo mzuri ambacho amekiacha wazi.

Gathoni alisikiliza mpaka mwisho wa waya.

"Umefanya vizuri," akasema. "Watu watapona humo. Mimi hapa nimezoea. Nina Wangeci."

Saa sita walikula pamoja watatu, ugali na maharagwe, chini ya kivuli cha bohari. Wangeci na Gathoni walikuwa na mizaha yao ya kizuizini, maneno ya nusunusu ambayo mtu wa nje hawezi kuyafuata, nao walijaribu kumwelezea Syokau mmoja, lakini ulipoelezwa haukuchekesha. Lori la saa tisa lilipokuja, Gathoni alimpa fungu la nyuzi za mkonge, asuke kikapu. Wakashikana mikono. Safari hii Gathoni alisimama barabarani mpaka lori likapinda.

Alifika Ruiru jua likielekea kuzama. Wanawake walikuwa wameshakula, wako kwenye ngazi za mlangoni wanaimba nyimbo za Jumapili, na Mbula ndiye aliyekuwa akiongoza. Jikoni walikuwa wamemwachia chakula kwenye sufuria, kimefunikwa kwa sahani, na juu ya sahani wameweka jiwe dogo ili paka asifunue. Syokau aliketi kwenye benchi refu, akala chote, akaosha sahani.